Kipa Asiyeweza Kusubiri Uji Upoe

"Usipige pembeni," Bi Yustina alisema kwenye simu huku akigeuza vitumbua. "Ikitokea penalti, piga katikati. Kipa huyo hana subira. Hawezi kusubiri hata uji upoe."

Hapo Isevya, mjini Tabora, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili. Kule Amerika alikokuwa Oli bado ilikuwa Jumamosi, na mechi ilibakiza nusu saa kuanza.

"Mama, una uhakika?" Kiswahili cha Oli kilikuwa cha Tabora kabisa.

"Nimekudanganya lini?"

Oli ni Mwingereza, ila wazazi wake walifundisha Tabora, na Bi Yustina ndiye aliyembeba mgongoni mpaka alipojua kukimbia. Alipokua, klabu za kwao zikamkataa moja baada ya nyingine. Akaenda Amerika, ligi ya pili, kisha ya tatu, miaka tisa ya kuzunguka kwa mabasi. Sasa ana miaka thelathini na minne, magoti yanamsumbua, na kocha amemwambia wazi: asipofunga leo, mkataba mpya hakuna. Wiki nzima Bi Yustina hakuwa na raha.

"Na kipa akijua kwamba ni wewe uliyeniambia?" Oli aliuliza.

"Atajuaje? Nenda kavae viatu."

Julieth, mjukuu wake, alikuwa akinunua bando ili waangalie mechi. "Bibi, hiyo si haki."

"Hebu angalia vitumbua, vinaungua."

Kwa kawaida Bi Yustina humfokea refa mpaka majirani wanachungulia. Leo alitulia tuli. Aliangalia kwa jicho moja, lingine kalifunika kwa kanga. Hata sala yake ya asubuhi haikuwa ya kuomba ushindi. Alimwachia Mungu mwenyewe aamue, japo alikwisha kumsaidia kidogo.

Dakika ya themanini na nane, penalti. Oli akauweka mpira, akarudi nyuma hatua tatu. Kipa akarukia pembeni kabla mpira haujaguswa. Ukapita katikati, taratibu, ukalala wavuni.

Bi Yustina akapiga kigelegele, kisha akaziba mdomo kwa mkono.

Vitumbua vya mwisho vilikuwa bado vya moto simu ilipoita tena. Bi Yustina akaitazama, akajifanya anatafuta sukari.

"Pokea, bibi," Julieth akasema. "Ni kaka Valentino."

Akapokea.

"Shikamoo, bibi!" Kipa, mjukuu wake huyo, alikuwa bado anahema. "Mke gani wewe? Si uliniambia jana kwamba Oli hupiga pembeni?"

"Marahaba, mume wangu," Bi Yustina akajibu. "Wewe una miaka ishirini na miwili. Mwenzio ana thelathini na minne."