Mstari wa Kilimani

"Dada Zamda, mita za maji za mji mzima zimeganda, leo siku ya tatu," Kombo alisema kwenye simu. "Programu yako bado inamsubiri mzee Mbaruku?"

Kila asubuhi mzee huyo wa pampu alituma mstari mmoja kutoka kilimani: *Maji yapo, mwanangu.* Programu haikusoma mita yoyote kabla ya kuupata.

"Inasubiri," Zamda alijibu.

"Tumemzika juzi, dada. Iambie isisubiri."

Zamda alibadilisha neno moja kwenye programu. Sasa programu ilichungulia laini ya kilimani, ikakuta kimya, ikaendelea na kazi zake. Mita zikaanza kusogea. Pembeni, kila sekunde, skrini iliandika: *Hakuna kitu. Jaribu tena.*

Zamda akavuta kiti karibu, akasubiri yeye.