Barakoa ya Ploti Nzima

"Mzee, barakoa niliyokupa iko wapi?" aliuliza Kamene, mhudumu wa afya wa mtaa.

"Jirani wa chumba cha pili hapa plotini ameenda nayo sokoni. Si polisi wanashika wasiovaa?"

Jirani mwenyewe akaingia akikohoa. Aliivua, imelowa mate na rangi ya midomo. "Shika, babu. Ubarikiwe."

Mzee, mapafu yake yakikoroma, alinyoosha mkono aivae.

"Yesu wangu!" Kamene aliinyakua, akaitupa kwenye jiko lililokuwa linawaka. "Si nilisema kila mtu na yake?"

"Na kesho kliniki nitaingiaje, mama? Pale mlangoni bila barakoa hawakufungulii," mzee alilalamika.

Kamene alitazama moshi. Kisha, akisonya, akaifungua kiunoni leso yake mpya ya kanisa.

"Leteni makasi," alisema, "kabla sijabadili nia."