Umepona Saa Sita

Sheria ilikuwa nyepesi: agizo la daktari la kupima likiisha muda, ugonjwa unafutwa na mtu anahesabiwa amepona. Agizo la Bi Shumbana la kupimwa sukari lilikuwa linaisha saa sita. Akafika zahanati saa nne asubuhi, kajitanda kanga mpya, roho kwatu.

"Hongera, mama! Umepona tangu saa sita," mashine ya dirishani ikapiga vigelegele.

"Saa sita gani, we bati? Jua hata halijafika utosini!"

Karani akacheka. "Bibi, hiyo inahesabu kizungu. Sita yake ni kumi na mbili yetu ya asubuhi."

"Basi niandikie agizo jipya."

"La ugonjwa gani, na wewe mzima?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bi Shumbana naye akacheka, ingawa hakusahau kuwa mumewe, marehemu Makame, walimzika akiwa mzima vilevile, na cheti chake cha kupona kingali ukutani.

Nyumbani, binti yake Raya alikuwa ameshapika pilau ya kupona. Majirani wakaimba, Bi Shumbana akacheza mpaka akaketi.

"Raya, mwanangu, nipe maji."

"Mama, mtungi mzima umeumaliza!"

"Basi kaniazimie wa jirani."