Tuliambiwa Tuvue Viatu

Nawe uliiona picha hii ukageuza uso, usibishe. Ilikuwa kwenye kalenda ya shule: watoto wanane, miguu peku, na chini yake neno moja, "Wasaidie."

Mwalimu Mshamu aliibandika ubaoni mbele ya kidato cha tatu. "Haya, tuichambue. Nani aliamua tuone nini?"

"Mpiga picha," mmoja akajibu.

"Mfadhili!" mwingine akadakia. "Anapenda vumbi la miguuni." Darasa likacheka.

Mwanahawa, wa pili kutoka kushoto pichani, hakucheka. Alisimama. "Samahani, mwalimu. Ni wewe. Ulituambia tuvue viatu tuvifiche nyuma ya tangi. Vyangu vilikuwa vipya. Mama alipokwenda sokoni, wenzake walioiona kalenda wakamuuliza kama haoni haya kunileta shule peku."

Chaki ikamkatika mwalimu mkononi. "Wafadhili walikuwa wameshafika getini," alisema. "Na darasa hili halikuwa na paa."

Hakuna aliyeinua macho kutazama mabati mapya yaliyoletwa na picha ile. Mwanahawa alibaki amesimama, akingoja.

Kalenda hiyo unayo ukutani kwako. Inuka uibandue sasa hivi, kisha nenda sokoni ukamwombe radhi mama yake, wenzake wakisikia.