Kiti cha Mpimaji

Mara ya tatu asubuhi ile, Nondo alijifungia stoo na kujilaza juu ya magunia ya vumbi la mbao. Alikuwa amepanda ngazi nne tu. Ngazi nne, na mwili ukamwambia basi, mwenzangu, mimi nimefika.

"Nondo!" Fundi msumeno aligonga mlango. Mama huyu mdomo wake haukuwa na breki. "Umekufa humo au unanyoosha misuli?"

"Nanyoosha!"

"Nyoosha haraka. Winchi ameshafika, taulo shingoni kama bondia."

Pale kwenye kiwanda cha mbao kulikuwa na utaratibu wa zamani kuliko bosi mwenyewe. Mara moja kwa mwaka, saa ya chakula, wabebaji waliweka viwiko mezani na kulazana mikono. Aliyebaki bila kulazwa alipewa kiti cha mpimaji: mwaka mzima ameketi kivulini, futi mkononi na penseli sikioni, akipima mbao wanazobeba wenzake. Wengine wote walirudi kwenye magogo. Nondo alikuwa amekikalia kiti hicho miaka tisa mfululizo, na kusema kweli hakuwahi kukihitaji. Alikipenda kwa maringo tu.

Mwaka huu alikihitaji. Miezi mitano nyuma, daktari alimwonyesha picha ya tezi dume, akamweleza polepole. Saratani imeonekana mapema, inatibika. Sindano itashusha homoni ya kiume, maana hiyo ndiyo inayoilisha. Lakini utachoka, mzee. Joto litakupanda ghafla. Misuli nayo itapungua, mwili unenepe.

"Na ukali wake?" mke wake aliuliza.

"Huenda akawa mwepesi wa kulia."

"Afadhali. Miaka thelathini nalia peke yangu humo ndani."

Nyumbani walicheka mpaka wakashikana mabega. Kazini hakumwambia mtu. Ataanzaje? Yeye, aliyewahi kubeba gogo la watu watatu, aseme juzi amelia kwa sababu kuku wa jirani amepotea? Akilazwa leo, kesho yuko kwenye magogo, na gogo la kwanza litamtangaza kiwanda kizima. Na asiyebeba, bosi hana kazi ya kumpa.

Kilichomtisha ni Winchi, mbebaji mwenzake. Miaka yote hiyo Winchi hakuwahi kushindana hata mara moja; kukaa kitini, alikuwa akisema, ni kazi ya wavivu. Mwezi uliopita akawa wa kwanza kuandika jina ubaoni. Tangu siku hiyo Nondo alimchunguza kwa jicho la pembeni, na kila alichokiona kilimnyima raha. Winchi ameacha kukaa na wenzake jioni, anakimbilia kitandani mapema kama mwanajeshi. Alfajiri anatembea kwa miguu, mikono inapunga, hasalimii mtu. Mwili umeongezeka. Kifua ndiyo usiseme, kimejaa hadi vifungo vya shati vinalalamika. Na jasho lile! Mtu amesimama zake kivulini, taulo linakamulika.

"Huyo anafanya mazoezi ya siri," Nondo alimwambia mke wake.

"Basi mwamkie kwa heshima, labda atakuonea huruma."

Wengine, walipoona majina hayo mawili ubaoni, walijitoa. Sasa wawili hao walikuwa wameketi, uso kwa uso, meza katikati. Fundi msumeno alifunika ngumi zao kwa kiganja chake. "Sikilizeni, wababe. Atakayelazwa nitamshonea gauni. Haya!"

Nondo alisukuma kwa nguvu zake zote, ambazo hazikuwa nyingi. Mkono wa Winchi haukusogea. Akangoja pigo la kumjibu. Halikuja.

Ananichezea, aliwaza. Ananichosha kwanza, kama paka na panya.

Dakika tano zikapita. Dakika kumi. Mikono ilisimama wima kama nguzo za umeme. Watu walipanda juu ya mbao wapate kuona. "Sijawahi kuona nguvu kama hizi tangu nizaliwe!" dereva wa lori alipiga kelele, sauti imemkauka. Bosi alitoka ofisini na kikombe chake, akasahau kunywa.

"Gauni saizi gani, Nondo?" fundi msumeno aliuliza. "Nianze kukata kitambaa?"

Kicheko kilizagaa. Nondo alikaza meno. Joto lilimpanda kutoka tumboni hadi masikioni, jasho likadondoka mezani tone kwa tone, na kama vile hayo hayatoshi, machozi yakaanza kumlenga. Alikiona kiti kinaondoka. Aliona magogo yamejipanga yakimsubiri. Akavuta hewa ya mwisho, tayari kuachia mkono uende zake.

Hapo Winchi aliinama mbele, akamkazia macho, paji la uso karibu ligusane na la mwenzake. Watu wakadhani anamtisha. Kelele zikaongezeka maradufu.

"Kaka," Winchi alinong'ona, "tutoke sare. Kiti tugawane. Wewe ukae asubuhi, mimi mchana."

"Usinihurumie," Nondo alihema. "Nilaze tu, yaishe."

"Nikulaze na nini, ndugu yangu? Hebu niambie ukweli. Hiyo sindano yako, wewe wanakuchoma tumboni, au takoni kama mimi?"