Jina la Darajani

"Hilo la mwisho lifute, mwalimu," alisema mama. "Weka jina la baba yangu mimi."

Mwalimu mkuu aliinua kalamu kutoka kwenye fomu ya kumwandikisha mtoto. Alikuwa mgeni mjini, hata mizigo hajamaliza kuifungua, lakini jina hilo la ukoo alishalijua. Nani asingelijua? Kila asubuhi alilikuta darajani alipovuka mto, limechongwa kwa herufi za shaba. Chumba alichopanga kilikuwa kwenye barabara yenye jina hilo, barabara pekee mjini iliyokuwa na taa mwanzo hadi mwisho. Na juzi tu alikuwa amejitolea damu, kwenye siku ya kila mwaka ambayo nayo huitwa kwa jina hilo hilo. Alipewa soda na fulana.

Akamtazama mama yule. Kandambili zimelika kisigino, blauzi imepauka mabegani. Akajiambia kwamba wenye nacho wa kweli ndivyo walivyo. Debe tupu ndilo livumalo.

"Kaa, mama, kaa," alisema, akimpisha kiti chake mwenyewe. Nje, foleni ya wazazi ikanung'unika. "Mbona hukusema mapema kwamba wewe ni mtu wa ukoo huu? Nisingekuacha usimame juani."

Karani, mzaliwa wa pale pale, akakohoa. Hakusikilizwa. Mtu akishaanza kujipendekeza masikio huwa yanakwenda likizo.

"Nimezoea kusimama," mama alisema.

"Na baba watoto ana habari ya jambo hili?"

"Hana neno."

Mwalimu mkuu akatikisa kichwa kwa huruma. Kumbe ni ugomvi wa chumbani, alijisemea, na fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Nyasi zenyewe zilikuwa dirishani: binti mdogo mwenye sare mpya iliyomzidi, akitazama malori ya kokoto. Shule haikuwa na uzio. Malori yalipita karibu sana na ukuta hivi kwamba vikombe vya chai vilitetemeka juu ya meza.

"Mama, sikuingilii ya nyumbani kwako," alisema, akishusha sauti. "Lakini jina kama hili halitupwi. Wengine wanalitafuta maisha yao yote. Mtoto akikua atakuuliza."

"Akikua, aniulize."

"Basi nifikirie hata mimi. Uzio nimeuomba tangu siku niliyofika, mpaka ulimi umeota sugu. Naambiwa nisubiri. Lakini wakisikia mtoto wa jina hili anasoma hapa, utaniambia! Mji huu unaliheshimu sana jina lenu." Akacheka, akafurahishwa na wazo lililomjia. "Na shule yenyewe haijapata jina bado. Nani ajuaye? Pengine siku moja nayo ikaitwa hivyo hivyo."

Karani akaacha alichokuwa akikifanya na kuinamisha uso.

Mama aliinuka. Alimfuata mtoto dirishani, akamshika mkono, akaushika kwa nguvu mpaka mtoto akamtazama. Sauti ilitoka ya kawaida, kama ya mtu anayeelekeza njia.

"Daraja ni kifungua mimba wangu, mwalimu. Walilijenga baada ya mto kumchukua akienda shule. Taa za barabarani ni baba yao, aligongwa gizani. Siku ya damu ni dada yake huyu. Ilipungua chupa moja."

Lori likapita. Vikombe vikatetemeka, vikatulia.

"Uzio wataujenga. Ila jina wakalitafute kwingine. Mimi nimebakiwa na huyu."