Kura ya Mama Msukwa

Spika alipomvisha nishani, utepe ulinasa kwenye hereni ya Mama Msukwa, na ukumbi mzima pale Lilongwe ukacheka kwa upendo.

"Miaka thelathini na miwili bungeni," Spika alisoma, "na ndiye aliyetupatia sheria ya kulinda nyumba za wajane."

Vigelegele vikapasuka. Kilichopaa kuliko vyote kilikuwa cha wifi yake, safu ya tatu.

"Huyo ni wifi yangu, jamani! Mwenye wivu ajinyonge!"

Wifi huyo, mjane wa kaka yake, alitupiwa vyombo nje na mashemeji zake mwaka ule sheria ilipoletwa mara ya kwanza, ikapigiwa kura ya siri na kuanguka kwa kura moja.

Mama Msukwa aliikunja karatasi yake ya shukrani.

"Mheshimiwa Spika, kura iliyoiangusha sheria mara ya kwanza niliipiga mimi. Kaka zangu waliitaka nyumba ya marehemu, nami nikawaogopa."

Hakumtazama Spika. Alimtazama wifi yake, ambaye mikono yake ilikuwa bado juu, tayari kupiga makofi.